Wanamngoja Truphena

Truphena aliposhuka kwenye basi pale soko la Uriri, matope yalimfika kwenye vifundo vya miguu, naye akafurahi. Mvua ilikuwa imekwisha kuanza. Kwa miezi kumi na minne alikuwa ameitazama mvua kupitia dirisha la wodi ya kifua kikuu huko Homa Bay, ikinyesha ziwani mbali naye. Leo alikuwa amesimama ndani yake, bahasha ya daktari ameificha chini ya leso isilowe, viatu vya mpira mkononi.

Wa kwanza kumwona alikuwa Nyanchoka, mama wa Kisii aliyehamia Uriri na mumewe kuuza ndizi. Wawili hawa hawakuwa na lugha ya pamoja ila Kiswahili cha sokoni, lakini kwa miaka sita kilikuwa kimewatosha.

"Mama Ogutu," Nyanchoka alisema, "ni wewe, ama ni mtu mwingine amevaa uso yako?"

"Ni mimi. Wameniachilia asubuhi."

"Umenona. Huko wanawalisha kama ng'ombe ya maonyesho."

Nyanchoka alinyoosha mkono. Truphena alisita, kwa sababu ndani ya basi kondakta alipoiona ile bahasha alimhamisha kiti cha nyuma kabisa, na mwanamke aliyekaa karibu naye akafunika pua kwa kitambaa mpaka Rongo. Nyanchoka hakungoja. Aliunyakua mkono wake, akamkalisha kwenye kigoda chake mwenyewe, akachukua ndizi mbivu na kuivunja katikati. Nusu alimpa, nusu akala yeye. Truphena aliitafuna polepole, akitazama chini, asije akalia mbele ya watu.

"Kwenu bado hawajapanda," Nyanchoka alisema. "Leo siku ya tano ya mvua. Sisi tumemaliza. Nikipita naona shamba yenu tupu, na ya shemeji yako tupu. Wanangoja nini hawa watu?"

"Wananingoja mimi," Truphena alisema. Akasimama, akaweka kifurushi kichwani, na hata Nyanchoka aliona jinsi alivyonyooka.

Alikuwa amesema kweli. Katika nyumba ya Mjaluo, mke wa kwanza, anayeitwa mikayi, ndiye huanza kupanda. Akishatia mbegu yake, mke wa pili hufuata, kisha wake za wana, na wadogo wa mume nao hungoja kaka yao aanze kwanza. Hakuna anayemruka mwenzake. Kwa miaka ishirini na miwili Truphena alikuwa ameuona mzigo huo kuwa mzito kuliko mtungi wowote. Mwezi wa Machi hakwenda matangani wala harusini. Mwaka mmoja alipanda akitetemeka kwa malaria, mwaka mwingine akiwa na mimba ya miezi tisa. Alizoea kuwaambia wanawake wenzake kwamba cheo cha mikayi ni cheo cha punda.

Lakini wodini hakuna aliyemngoja kwa jambo lolote. Sahani ilikuja, sahani ikaondoka. Katika mwezi wake wa tatu humo alimwomba muuguzi Bathsheba amtafutie kazi, yoyote, naye Bathsheba akamletea kapu la bandeji zilizofuliwa azikunje. Alizikunja akishukuru kama mtu aliyepewa ndama.

*

Rael, mke wa pili, alikuwa uani akipepeta mtama alipomwona anaingia langoni. Ungo ulimteleza mkononi, punje zikamwagika, na kuku wakawahi kabla yake.

"Hukutuma neno," alisema.

"Hata mimi sikujua. Daktari alikuja jana na karatasi, akasema kitanda kinatakiwa na mgonjwa."

Dolphine, mke wa mwanawe Ogutu aliyekuwa akifanya kazi kwenye majani chai huko Kericho, alitoka jikoni akikimbia. Alifika hatua tatu kutoka kwa mama mkwe wake, akasimama, mikono yake isijue iende wapi. Mwishowe aliipangusa kwenye nguo.

"Karibu nyumbani, Mama. Kaa hapo barazani, kuna upepo mzuri."

Truphena alikaa. Aliletewa uji katika kikombe cha bati kilichofungwa uzi mwekundu kwenye mshikio. Alijua uzi ule ni wa nini. Alikunywa uji wote, kwa kuwa ulikuwa uji mzuri, umetiwa ndimu jinsi alivyoupenda, na aliyekumbuka ndimu ni huyo huyo aliyefunga uzi.

Alipoinuka kufagia baraza, Dolphine alimpokea ufagio kwa upole. Alipoushika mtungi aende mtoni, Rael alisema, "Acha, kuna maji." Jioni alikwenda kukamua ng'ombe wake mwenyewe, yule mweupe mwenye pembe iliyopinda, akakuta amekwisha kamuliwa. Kila mmoja alimwambia apumzike. Walisema kwa sauti laini, wakimsogelea na kurudi nyuma kama watu wanaopima joto la chungu.

Mumewe, Caleb Omondi, alirudi kutoka mnadani jua likiwa limeinama. Alimsalimu akiwa amesimama kwenye nyasi. Alikuwa amezeeka masikioni, Truphena aliona, nywele nyeupe zimemtoka hapo.

"Basi umekuja," alisema.

"Nimekuja. Soma."

Caleb aliichukua barua kwa ncha za vidole, akaisoma mara mbili. Alikuwa amefika darasa la nne la misheni na Kiingereza kidogo alikuwa nacho. "Inasema umepona. Inasema huwezi kumwambukiza mtu."

"Ndivyo alivyoniambia."

"Namshukuru Mungu," alisema Caleb, na alishukuru kweli, macho yake yalionyesha. Kisha akaikunja barua na kuiweka chini kwenye ukingo wa baraza, ambapo Truphena angeweza kuifikia bila mikono yao kukutana.

*

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, Obura alikuja. Obura alikuwa mdogo wa Caleb, na boma lake lilikuwa ng'ambo ya kijito. Walikaa nyuma ya nyumba ya Truphena, kwenye kivuli cha ukuta, wasijue au wakisahau kwamba ukuta wa udongo hauzuii maneno.

"Kaka, siku ya sita," Obura alisema. "Majirani mtama wao utatoka kesho kutwa. Sisi tutatoa macho."

"Nimeona."

"Mwambie Rael aanze."

"Mikayi akiwa ndani ya nyumba?"

"Daktari anasema amepona, vizuri, mimi pia nafurahi. Alinilisha nikiwa sina mke. Lakini kaka, mbegu atakayoishika ndiyo itakuwa mtama, na mtama utakuwa ugali. Watoto wangu wale kifua mwaka mzima?"

"Watoto wako watakula mtama wa shamba lako."

"Ambao unangoja mkono wake."

Caleb alikohoa kidogo, akakatiza kikohozi chake katikati kama mtu aliyefanya aibu. "Kwanza pasta anasema mambo haya ya kungojana ni ya giza. Mkristo anapanda mvua ikinyesha."

"Haya, msikilize pasta."

Sauti ya Rael ilitoka upande wa ghala, ambako hakuna aliyejua yuko. "Ulipokuja kwa baba yangu kunichukua niwe wa pili, huyo pasta alikuwa amesafiri?"

Obura alicheka mpaka akajishika mbavu. Caleb hakucheka. Obura alipotulia, aliinuka akajipangusa vumbi.

"Nakuheshimu, kaka, kwa hiyo nakupa mpaka kesho asubuhi. Mke wangu anangoja na jembe. Kama hapa hakuna aliyeanza, jua likifika juu ya ule mlima yeye ataanza. Halafu watu watajua wenyewe kwamba kwako hakuna mikayi."

Ndani ya nyumba, Truphena alikuwa amekaa kitandani, mikono magotini. Mwaka jana alikuwa ametia mbegu ya kwanza kwenye udongo mkavu kabla hajapelekwa hospitali, wengine wakamfuata mvua iliponyesha. Watu hupanda bila mikayi pale tu mikayi anapokuwa kaburini. Rael akianza kesho, au mke wa Obura akianza, hakuna atakayemfukuza Truphena. Watamletea uji wenye ndimu katika kikombe chenye uzi, watamwambia apumzike, na ataishi hapo miaka mingi akiwa amekufa.

*

Alimfuata Caleb zizini, akasimama upande wa pili wa lango la miti ili asimtie hofu.

"Nimesikia mliyosema."

"Obura ana mdomo mrefu."

"Obura ana watoto saba. Simlaumu. Sikuja kuomba kikombe kingine, Baba Ogutu. Wala sikuja kuomba mtu akae karibu nami. Naomba nipande. Miezi kumi na minne nimelala chali, nasikia wenzangu wakisema nyumbani kuna hili na lile. Mimi nilikuwa nawaza, sasa hivi kuna mtu ananihitaji nimletee kuni, naye ananikosa. Zamani hapa nyumbani nilikuwa nachukia kuamshwa. Ningekuwa na pesa ningelipa mtu aje aniamshe."

Caleb alikuwa akikwaruza mti wa lango kwa ukucha. "Mama alikwenda na ugonjwa huo huo," alisema. "Nilimshikia bakuli. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Wewe ulishika bakuli, mimi nilifua nguo."

Neno hilo lilitoka bila ukali, kama mtu anayetaja siku ya soko. Lakini Caleb aliacha kukwaruza. Kwa miezi mitatu, mwaka ule, Truphena alikuwa ameibeba nguo ya kitanda cha mama mkwe wake mpaka mtoni kila asubuhi, na damu iliyokuwa humo, na hakuna aliyemwambia apumzike. Caleb hakuwa amewahi kuziweka hizo siku na ugonjwa huu mahali pamoja. Sasa ziliwekwa. Akaenda kuwatazama ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Truphena alirudi nyumbani kwake.

*

Kiza kilikuwa hakijashika bado aliposikia jembe likigongwa chini nje ya mlango, mara moja, kama mtu anayebisha hodi. Rael alikuwa amesimama hapo, kapu la mbegu kwenye mkono mwingine. Aliliweka kapu kizingitini, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mbegu zako hizi. Nilizitoa kwenye masuke uliyoyachagua mwenyewe mwaka juzi. Nilizitia majivu, wadudu hawakuzigusa."

"Asante."

"Usiniambie asante, sikiliza. Kesho amka mapema. Na usije na maringo ya hospitali, kulala mpaka jua likuchome matako."

Truphena alitaka kucheka, lakini alimtazama mwenzake vizuri kwanza. Rael alikuwa amekonda. Mikono yake, iliyokuwa laini alipoolewa, ilikuwa na nyufa kwenye vifundo. "Caleb amekwambia nini?"

"Hajaniambia kitu. Anawahesabu ng'ombe mara ya nne. Lakini siku tano hizi, asubuhi na jioni, yeye na Obura wamekuwa wakiniambia, Rael anza, Rael anza. Nikawaambia jembe langu limevunjika. Wakaleta jembe. Nikawaambia mgongo. Obura akaleta dawa ya kuchua." Alitema mate kando. "Mimi sianzi."

Hapo ndipo Truphena alipojua ni nani aliyekuwa akimngoja. Alikuwa amedhani ni desturi. Alikaa kizingitini, karibu na lile kapu.

"Wewe ungekuwa mkubwa wa nyumba," alisema.

"Nimekuwa mkubwa miezi kumi na minne, Mikayi. Wageni wote wangu. Paa likivuja, Rael. Ng'ombe akila shamba la mtu, mwiteni Rael. Nilikuwa nikilala naona wewe umelala kwenye shuka nyeupe, nikakuonea wivu mpaka nikaogopa dhambi. Tena mimi pia nina kifua. Kila mtu ana kifua. Leo nikikuruka ukiwa hai, siku nikiugua mimi Dolphine ataniruka asubuhi hiyo hiyo, na kijiti cha mswaki mdomoni."

"Huniogopi?"

"Nakuogopa," Rael alisema. "Unadhani nimesimama huku mbali kwa heshima? Nakuogopa sana. Lakini kupanda utapanda."

Akaliegemeza lile jembe ukutani, akaondoka zake.

*

Truphena aliamka jogoo wa kwanza akiwa bado anasafisha koo. Alifunga leso kiunoni, akatoka. Ardhi ilikuwa baridi na laini, ikamshika nyayo. Alipofika shambani alimkuta Caleb amekwisha fika, amesimama mwanzo wa shamba kama ilivyompasa mume kusimama, kofia mkononi.

Caleb alimsogelea. Hakusema habari za zizini. Alichukua kofia yake, ile ya kwendea kanisani, akaishika wazi mbele yake kwa mikono miwili, na Truphena akamimina mbegu zake humo kutoka kwenye kapu ili mikono yake ipate kushika jembe. Mkono wake uligusa wa mumewe. Caleb hakuuondoa.

Truphena alipiga jembe la kwanza. Halikuzama. Mikono iliyokunja bandeji ilikuwa imesahau, na malengelenge yalianza kabla hajafika shimo la kumi. Alichimba, akatia punje tatu, akafunika kwa mguu. Caleb alitembea nyuma yake na ile kofia. Mwisho wa mstari wa kwanza alikuwa na jasho usoni, na umande baridi aliouvuta ulimkwaruza koo. Akakohoa.

Alikohoa mara mbili tu. Rael na Dolphine, waliokuwa wakingoja pembeni na majembe yao, waliganda. Ng'ambo ya kijito, mke wa Obura alikuwa amesimama na jembe begani, akitazama. Truphena aliinama, akatema kwenye kiganja, akakitazama hadharani, kisha akakinyoosha wote wakione. Kilikuwa kiganja chenye mate na udongo, basi.

"Haya," alisema. "Mnangoja nini tena?"

Rael aliingia mstari wa pili. Hakuenda mwisho wa shamba kama ambavyo angeweza; aliingia ule uliokuwa ubavuni mwa Truphena, viwiko vyao vikakaribia kugongana. Dolphine akaingia wa tatu. Kisha wakasikia jembe ng'ambo ya kijito, tu, tu, tu, na baada yake jingine mbali zaidi, kwa mdogo wa mwisho wa Caleb ambaye hata hakuwa akipiga kelele, alikuwa anangoja tu. Truphena alisikiliza majembe yale yote yaliyokuwa yamesimama kwa ajili yake. Malengelenge yalipasuka, akaendelea.

Mchana, hakuna aliyemwambia apike na hakuna aliyemkataza, kwa kuwa wote walikuwa wamechoka. Aliwasha moto katika mafiga yake, akasonga ugali, akakaanga omena, wale dagaa wa ziwani. Alipeleka sahani barazani, akarudi jikoni kwake, akakaa akisikiliza. Kisha Caleb akasema kwa sauti kubwa, bila kumwita mtu yeyote kwa jina:

"Chumvi imezidi."

Akaendelea kula. Dolphine alikula kidogo, pembeni mwa tonge. Rael alikula yote, akaomba maji.

*

Wiki tatu baadaye mtama ulikuwa umepita vifundo vya miguu, na magugu nayo hayakubaki nyuma. Palizi, kama kupanda, huanzwa na mikayi. Caleb alikuwa ameanza kuingia ndani ya nyumba ya Truphena jioni na kukaa, ingawa bado alikaa karibu na mlango. Dolphine hakuwa ameufungua ule uzi, lakini vikombe vilikuwa vikichanganyikana mtoni wakati wa kuosha, na siku mbili kikombe cha uzi kilinywewa na watu wengine pasipo mtu kusema kitu.

Asubuhi hiyo Truphena alichelewa. Mgongo ulimuuma, mabega yalimuuma, viganja vilikuwa vimeota ngozi mpya ngumu iliyowasha. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akitafuta nguvu za kuinama kuchukua leso, jua limekwisha chungulia kwenye nyufa za mlango, aliposikia sauti ya Rael kutoka shambani, kali, ya mtu ambaye miguu yake imeloa umande kwa muda mrefu.

"Mikayi. Umekufa humo ndani? Watu wazima tumesimama kama vigingi, magugu yanatucheka. Unangojwa na nyumba nzima, na wewe umelala."

Mke wa Obura naye akadakia kutoka ng'ambo. "Mwambie hata huku tunangoja. Jua litatuchoma kwa ajili ya usingizi wake."

Truphena alikaa pale pale, mikono yake inayowasha imefumbatana, akisikia anavyotukanwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Rael alivuta pumzi, akaita tena kwa nguvu zaidi.

"Nakuja," Truphena alisema. "Nakuja, jamani. Nakuja."